Picha Isiyofika Kirushya: Wasifu wa Marehemu Frednand Anatoli Niyomugabo

Baba Paroko, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Kirushya, nanyi wageni mliotoka Biharamulo na mbali zaidi, familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza kijana wetu. Maisha yake tunayaeleza kwa ufupi, na anayesoma ni dada yake, Joan.

Frednand alizaliwa tarehe 14 Septemba 1991 hapa hapa Kirushya, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Anatoli Niyomugabo na mama Febronia. Alibatizwa Krismasi ya mwaka huo. Alichelewa kusema mpaka majirani wakaanza kumletea mama ushauri ambao hakuuomba. Siku alipofungua kinywa aliuliza kwa nini mbuzi amefungwa. Maneno yake yalibaki machache maisha yake yote.

Shule ya msingi alisoma hapa kijijini, mwaka 1999 hadi 2005, akaendelea na sekondari Ngara hadi 2009, kisha kidato cha tano na sita Biharamulo. Huko ndiko alikoikuta kompyuta yake ya kwanza, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuigusa. Mwalimu alimfumania ameifunua. Badala ya kumchapa, alimwambia, "Haya, kuanzia leo wewe ndiye utakayeifuta vumbi." Aliifuta mpaka alipomaliza kidato cha sita, na vumbi lenyewe halikuwa jingi kiasi hicho. Mwaka 2015 alihitimu shahada ya sayansi ya kompyuta Dodoma.

Alifanya kazi Dar es Salaam kuanzia 2016. Mwaka uliofuata baba yake alifariki, akazikwa katika migomba hii. Septemba 2019 Frednand alipata ajira katika kampuni moja ya kutengeneza programu za kompyuta mjini Leipzig, Ujerumani. Sisi tusiojua mambo hayo alitueleza hivi: mtambo wa kiwandani huanza kuumwa muda mrefu kabla ya kufa, na yeye aliandika programu inayotoa taarifa mapema ili mafundi wauwahi.

Kuzoea hakukuwa rahisi. Kwenye vikao alingoja wakubwa wamalize kusema, na huko hawamalizi, kwa hiyo walidhani hana la kusema. Novemba ya kwanza aliinjika maharage aliyofungiwa na mama yake, akapunguza moto, akaenda kazini. Hapa kwetu chungu hakiachwi peke yake. Atapita shangazi au jirani, na mmoja wao ataongeza maji. Leipzig hakupita mtu, mpaka walipokuja zimamoto.

"Mama, huku hakuna mtu wa kuongeza maji," alisema kwenye simu. Mama Febronia alicheka sana, na baada ya kukata simu hakula chakula cha jioni.

Baada ya siku ile bibi mmoja wa mlango wa pili, aliyeishi peke yake, aliomba ufunguo wa akiba. Kila Frednand alipochemsha maharage, bibi huyo aliingia kuongeza maji. Polepole Frednand akajifunza Kijerumani, na kazini wakaanza kunyamaza alipozungumza.

Tarehe 8 Januari 2022 alifunga ndoa takatifu Biharamulo na Tecla Malongo, waliyesoma pamoja kidato cha tano. Tecla alimfuata Leipzig, na Machi 2023 Mungu akawajalia binti, Ishimwe. Kila Jumapili baada ya Misa walipiga simu ya picha. Mama alilijua dirisha lao na jiko lao, na aliliona jino la kwanza la mjukuu ambaye hakuwahi kumshika mkono.

Februari 2024 Frednand alianza kuumwa tumbo. Ilikuwa saratani. Alifanyiwa upasuaji Aprili, akaanza dawa kali, mwili ukaisha. Hakumwambia mtu yeyote wa Ngara. Alimwapisha mkewe asiseme.

"Mama akiniona hivi atatangulia yeye," alimwambia Tecla. "Nikipata nafuu tutakwenda Krismasi, nitamsimulia mwenyewe."

Kuanzia Juni simu ilikuja bila picha. "Mtandao mbaya, mama," alisema. Mama Febronia aliamini, kwa sababu mtandao wa Kirushya sote tunaujua. Tena hakudhani kwamba kosa linaweza kuwa Ulaya. "Basi ni huku kwetu, mwanangu. Nitapanda juu." Kila Jumapili, na magoti yale mnayoyajua, alishika fimbo akapanda kilima kilicho juu ya shamba la kanisa, hadi pale inapoonekana milima ya Burundi, akainua simu juu ya kichwa chake. Masika alipanda na mwavuli. Watu walimwambia mwanawe amezamia Ulaya na hataki kuonekana. Aliwajibu kwamba mnara ndio mbovu. Na Frednand, aliyewafundisha watu jinsi mtambo unavyotoa taarifa ukianza kuumwa, alisikia mama yake akihema kileleni na bado akasema picha haiji.

Krismasi ilipita. Alifariki hospitalini Leipzig tarehe 9 Mei 2025, mkewe akiwa kando yake. Bibi wa mlango wa pili alibaki nyumbani na mtoto.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye ratiba mlizoshika, kwa maana zilichapwa Alhamisi Ngara mjini. Familia imeomba yasomwe.

Tangu jeneza lifike, yamesemwa mengi uani. Imesemwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali ni ya kweli na hatuipingi. Lakini imesemwa pia kwamba Tecla alimla mumewe kimyakimya, na kuna waliokataa hata kupokea mkono wake. Mama Febronia mwenyewe hakumsemesha mkwewe kwa siku zote hizi, na hilo lilituuma kuliko yote.

Leo asubuhi mama aliomba jeneza lifunguliwe. Wazee walikataa, wakisema waliolileta walishauri lisifunguliwe, na kwamba amkumbuke alivyokuwa. Mama alisema, "Nimemkumbuka mwaka mzima. Sasa nataka kumwona." Hakuna aliyeinuka. Ndipo Tecla aliposimama akiwa amembeba Ishimwe, akasema, "Mfungulieni. Mimi nilimficha mara moja, sitamficha tena."

Lilifunguliwa. Frednand amebaki mdogo sana, hatutawadanganya. Mama alimtazama kwa muda mrefu, akampapasa shavu na nyusi. Kisha akasema, "Kumbe mtandao haukuwa na kosa. Mwanangu, ningekutazama hivihivi." Alisogea kwenye mkeka wake, akamvuta Tecla mkono akamkalisha, akampokea mtoto. Kwa hiyo yaliyosemwa uani yaishie leo. Mwenye la kuongeza aende akalisemee kileleni, kule kuna upepo.

Frednand ameacha mama yake, Febronia. Mke wake, Tecla. Binti yake, Ishimwe, wa miaka miwili. Dada yake, Joan. Na shangazi, wajomba na ndugu wa Kirushya, Mugoma, Bugarama na Biharamulo. Ameacha pia bibi wa mlango wa pili, ambaye bado ana ule ufunguo.

Kaburi limechimbwa kando ya baba yake, mahali mama alipochagua mwenyewe, mbele ya mlango wa jiko. Bwana ampe Frednand pumziko la milele pale, ambapo mama yake atamwona kila asubuhi bila kupanda kilima.