Ufuo Usio na Mlinzi

INTISAR: Haloo? Nani mwenzangu?

KACHE: (mawimbi kwa mbali)

INTISAR: Haloo! Namba hii ya ng'ambo siijui. Kama ni wale mawakala wa kazi za Dubai, nshawaambia mara tatu—

KACHE: Asalaam alaikum.

INTISAR: Waalaikum salaam. Nani?

KACHE: Naongea na Intisar? Dadake Ghassan?

INTISAR: Ndiye.

KACHE: Mimi ni Kache.

INTISAR: Kache yupi?

KACHE: Mkewe. Usikate, tafadhali. Namba nimeitoa kwenye simu yake. Amekuandika "Inti wa darini".

INTISAR: Ngoja. Ngoja nifunge mlango wa ngazi. (mlango) Haya. Nipo dari hiyohiyo, naanika nguo. Sema polepole, mama yuko chini. Wajua alivyosema?

KACHE: Kwamba jina langu lisitajwe humo.

INTISAR: Alisema zaidi. Siku tuliyomsomea Ghassan khitma, mbele ya watu, alisema atakayeongea nawe hana radhi naye. Anasema ulimchukua mwanawe ukamrudishia habari.

KACHE: Hata habari sikumrudishia mimi. Nilipiga, akakata.

INTISAR: Najua. Nilikuwa nimekaa hapo.

KACHE: Sitakuweka sana. Leo natoka eda.

INTISAR: Leo?

KACHE: Miezi minne na siku kumi. Nimekata kila siku kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la dawa.

INTISAR: Subiri. Alifariki tarehe nne Mei… Kache, eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani. Miezi ya duka la dawa ni mirefu. Ulishatoka siku nne, tano zilizopita.

KACHE: Siku tano?

INTISAR: Kwani hukuwa na mtu wa kukuhesabia?

KACHE: Mtu gani?

INTISAR: Samahani.

KACHE: Ghassan alinihadithia kwamba kwenu mjane akitoka eda hupelekwa baharini. Mwanamke wa upande wa mume ndiye humwogesha. Alisema nyanya yenu aliogeshwa hivyo.

INTISAR: Kweli, lakini hiyo ni desturi tu, si faradhi. Ukioga nyumbani kwako yatosha.

KACHE: Nyumbani siwezi. Nikifungua bomba namsikia.

INTISAR: Nani?

KACHE: Anakohoa, kama mtu aliyepaliwa na maji. Nikifunga, ananyamaza. Nikifungua tena, anaanza. Tangu Mei naoga kwa kopo, maji nachota kwa jirani.

INTISAR: Subhanallah. Upepo huo ni wako au wangu? Uko wapi?

KACHE: Nimetoka. Nazunguka tangu asubuhi. Mji huu wa San Brizio bahari yake ni kama imegawiwa wenyewe. Miavuli, safu kwa safu, ulipe ndipo uketi. Fuo za bure ni tatu tu.

INTISAR: Basi chagua moja. Zikoje?

KACHE: Ya kwanza iko karibu na stesheni. Nyembamba, kama kichochoro chenu, imebanwa na miavuli huku na huku. Imejaa watu, nyanya na wajukuu wao. Ya pili ni mawe matupu, wameweka ubao wa kukataza kuoga.

INTISAR: Na ya tatu?

KACHE: Ya tatu ni pana. Haina mtu.

INTISAR: Nenda ile yenye watu.

KACHE: Watanitazama, dada. Mwanamke mweusi na baibui lake majini.

INTISAR: Watazame, macho ni yao. Hiyo ya tatu ina mlinzi? Wale wanaowaangalia waogaji?

KACHE: Za bure hazina mlinzi. Ila pale stesheni yule wa wanaolipa huwatupia jicho na wasiolipa.

INTISAR: Kache. Ghassan alikuwa ufuo gani, siku ile?

KACHE: Alitoka kazini, alikuwa akichimbia miavuli ya msimu. Akasema anakwenda kutoa jasho mara mo—

INTISAR: Ufuo gani?

KACHE: Wa mdomo wa mto.

INTISAR: Ndio huo wa tatu?

KACHE: Ndio.

INTISAR: Na wewe sasa hivi uko wapi?

KACHE: (mawimbi)

INTISAR: Nasikia maji karibu sana, Kache.

KACHE: Yamefika magotini tu.

INTISAR: Wajua kuogelea?

KACHE: Mimi ni wa Kaloleni. Maji yetu ni ya mtungi.

INTISAR: Usinichekeshe sasa. Rudi nyuma.

KACHE: Hapa hakohoi, dada. Hilo ndilo nililotaka kukwambia. Hapa yuko sawa kabisa. Ananiita tu, vizuri.

INTISAR: Anakuita vipi?

KACHE: Kwa jina langu, polepole.

INTISAR: Basi huyo si kakangu.

KACHE: Ni sauti yake—

INTISAR: Nisikize. Nimelala chumba kimoja naye miaka kumi na mitatu. Ghassan hakuwa mtu wa kumwita mtu. Akitaka kitu alikuja mwenyewe, akakuvuta kitambaa cha kichwa, akakusumbua mpaka ucheke. Lini alikaa mahali akakuita polepole?

KACHE: Hata siku moja.

INTISAR: Hata siku moja. Ulinipigia unataka nini?

KACHE: Nilitaka mmoja wa kwao ajue kwamba nimekaa eda yake yote. Kwamba sikukimbia. Kisha…

INTISAR: Kisha nini?

KACHE: Hakuna kisha. Basi.

INTISAR: Sikiza, wifi.

KACHE: Umesemaje?

INTISAR: Wifi. Si umesema mwanamke wa upande wa mume ndiye huogesha? Basi ni mimi, na mimi sikuogeshi hapo. Toka. Tembea mpaka ule ufuo wa nyanya na wajukuu.

KACHE: Ni mbali.

INTISAR: Nami nina nafasi. Sikati simu hii mpaka uoge, utoke, uvae nguo kavu. Nakuahidi.

KACHE: Na mamako?

INTISAR: Tembea, wifi.

KACHE: (maji yanachafuka, pumzi) Nimetoka. Nimeshika viatu.

INTISAR: Usinyamaze. Niambie unachokiona.

KACHE: Miavuli. Mingine wameshaifunga, msimu unakwisha. Kuna mwanamume ananipigia mbinja.

INTISAR: Anataka nini?

KACHE: Anaonyesha niende juu, barabarani. Ghassan alisema hapa kwenye ukingo wa maji kila mtu ana haki ya kupita, hata mbele ya wanaolipa.

INTISAR: Basi pita. Tembea kama bi harusi.

KACHE: (kicheko kidogo, mtandao unakwaruza) —kali hawa—

INTISAR: Haloo? Wifi? Haloo!

KACHE: Nipo, nipo. Nimefika. Hapana hata pa kuweka guu. Bibi mmoja mwenye kofia ya manjano amenisogezea taulo lake, anakula pichi.

INTISAR: Mwenyezi Mungu amlipe. Nguo kavu unayo?

KACHE: Gauni la kijani. Sikuvaa rangi tangu Mei.

INTISAR: Weka simu juu ya gauni, ifungue sauti. Uingie mpaka kiunoni, isizidi. Bismillahi, ujitose mara tatu. Na hizo nguo za eda, wa zamani walizitupa baharini. Wewe zitie kwenye pipa, wasije wakakutoza faini.

KACHE: Utakuwepo?

INTISAR: Niko hapa. Nenda.

(Watoto. Mawimbi.)

INTISAR: Niko hapa, wifi. (mlango unagongwa) Nipo, mama… Ndiyo, nimeufunga mimi… Haya, naufungua. (mlango) Naongea na simu… Na Kache. Ndiyo, huyo… Siwezi kuikata… Nakuheshimu, mama, lakini siwezi… Yumo majini. Nikikata hatotoka… Hilo neno la radhi nililisikia siku ya khitma. Watu wote walilisikia… Usilitamke tena, mama, una udhu… Mama, usilita—

(Kimya.)

INTISAR: Haya. Umelitamka.

(Watoto wanapiga kelele. Wimbi.)

INTISAR: Wifi? Umeshajitosa mara ngapi? (kimya) Kache? (kimya) Kache! Toka sasa! Toka!

(Mawimbi. Sauti ya bibi, lugha ngeni. Changarawe.)

KACHE: Nipo.

INTISAR: Alhamdulillahi. Uko wapi?

KACHE: Juu ya taulo la watu. Nimelowa chapachapa. Bibi ananifuta mgongo kama mtoto.

INTISAR: Ulimsikia?

KACHE: Nilipojitosa mara ya tatu nilingoja. Nilikaa chini muda, nikamngoja. Nilisikia watoto tu. (analia) Watoto tu, wifi.

INTISAR: Lia. Lakini vaa huku unalia.

KACHE: Mbona sauti yako imebadilika? Nilisikia mtu, nilipokuwa natoka. Ni mamako?

INTISAR: Ni yeye.

KACHE: Amelisema lile neno?

INTISAR: Gauni, Kache.

KACHE: Amelisema kwa ajili yangu?

INTISAR: Amelisema kwa ajili yangu mimi. Amesimama hapa mlangoni, mtandio umemwanguka na hauokoti. Vaa, chaji yangu inakwisha.

KACHE: Kata, basi! Kata umwombe msamaha, pengine bado—

INTISAR: Una vifungo vingapi?

KACHE: Sita. Intisar, kata.

INTISAR: Funga nisikie.

KACHE: (pumzi) Vidole vimelowa, vinateleza. Viwili… Ngoja, bibi ananisaidia… Vinne.

INTISAR: Niko hapa.

KACHE: Sita. Nimevaa. Ni kavu. Nimevaa, wifi.

INTISAR: Nenda nyumbani sasa. Kesho nitaku—

(Simu inazimika.)