Fundi Sedekia Mwambene na Waya wa Pampu

Tarehe 30 Juni 1957, Fundi Sedekia Mwambene atakabidhi funguo za chumba cha mitambo cha mgodi wetu hapa karibu na Makongolosi, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kazi. Kamati ya klabu ya wafanyakazi imenipa mimi, Kalinga wa karakana, kazi ya kuandika wasifu wake, na imeniomba uwe wa kuchangamsha. Nitajaribu. Sehemu moja haitachangamsha, na sitairuka.

Fundi Sedekia aliteremka kutoka Rungwe mwaka 1934, akaanza kwa kusukuma mapipa ya dizeli. Baadaye alipelekwa Mbeya kusomea umeme, akarudi na hesabu mbili ambazo ametuchosha nazo hadi leo. Gawanya volti kwa ampea, utapata omu, yaani ukinzani, jinsi kitu kinavyouzuia umeme usipite. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati, yaani nguvu inayotumika. Mfano wake ulikuwa pasi ya dobi wa mgodi. Volti 230, ampea mbili: ukinzani omu 115, nguvu wati 460. Hakuna kibarua aliyepita karakana bila kuimbishwa pasi hiyo.

Hesabu hizo zilimfanya awe mtu wa kuogopwa. Jioni moja taa za kambini zilififia, naye akaona mshale wa ampea umepanda kwa tano. Akazidisha: wati 1,150. Taa hazili kiasi hicho, akasema, hilo ni jiko. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa karani Didas, akalikuta jiko la umeme la magendo likichemsha chai. Alikaa, akanywa chai yake hadi tone la mwisho, akashukuru, ndipo akakata waya. Didas hadi leo anasimulia kisa hicho kwa uchungu.

Sasa niingie kwenye lile lingine. Zamani mafundi wote wa hapa, weusi kwa weupe, tulikuwa na desturi ya kuonja waya. Kabla ya kufungua mtambo uliozimwa, ulifuta mkono ukauke, ukagusa waya kwa mgongo wa kidole. Ukiwa na umeme, ulishtuka na mkono ukaruka wenyewe, tukacheka. Fundi Sedekia ndiye aliyetufundisha, kama naye alivyofundishwa.

Masika ya mwaka 1952 maji yalijaa shimoni na pampu ikagoma. Aliyeteremka kuitengeneza ni Yunusu Halfani, kijana wa Iringa mjini, mtoto wa muuza nguo, mpole na msafi wa kazi. Alizima swichi. Hakujua kwamba ndani yake kipande kimoja kilikuwa kimevunjika na hakikuachana na waya, umeme ukaendelea kupita. Kwa kuwa alikuwa mwangalifu, hakuiamini swichi peke yake. Akaonja waya, huku amesimama kwenye maji hadi magotini. Mkono haukuruka. Tulimpandisha juu akiwa ameshafariki.

Taarifa ya mgodi ilisomwa mbele yetu: marehemu amekufa kwa uzembe wake mwenyewe. Fundi Sedekia aliinuka. Alikwenda ubaoni karakana akapiga hesabu tuliyoizoea, safari hii si ya pasi. Mtu mkavu aliyesimama kwenye mbao anaweza kuwa na ukinzani wa omu laki moja. Volti 230 zinampitishia umeme mdogo mno, wa kumtekenya tu. Mtu aliyelowa, mwenye miguu majini, anaweza kushuka hadi omu elfu moja hivi. Volti ni zile zile, lakini sasa inampita karibu robo ya ampea. Akazidisha nguvu: wati hamsini na tatu. Akageuka akatuambia, "Hii ni taa ya chumbani tu, jamani. Yunusu ameuawa na nguvu ya taa ya chumbani." Kisha akalia, nasi tukalia.

Tangu siku hiyo ni marufuku kuonja. Alitengeneza taa ya kupimia yenye mpini mrefu wa mti, moja kwa kila mfuko wa fundi, na hajafa tena mtu kwa umeme hapa. Hilo ndilo jambo kubwa alilotufanyia.

Lakini yeye haoni hivyo. Alikwenda Iringa kumweleza mjane wa Yunusu, Mama Siwema, kwamba mumewe hakufanya uzembe. Alifanya alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni yeye Sedekia. Mama Siwema alimsikiliza, akamwandalia chakula, kisha akamjibu, "Shemeji, mimi nimeshajua. Wanangu wanaitwa watoto wa mzembe. Kawaambie na hao waliosema."

Amekuwa akiwaambia wakubwa wa mgodi kwa miaka mitano. Hawakubadili kitu. Mwezi uliopita, wakubwa walipomuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa, aliomba neno hilo moja, uzembe, lifutwe hadharani, basi. Jibu lililorudi ni kwamba saa ya ukutani imekwisha kununuliwa. Imenikera, na siombi radhi kwa kuliandika hili.

Kwa hiyo klabu imeamua kufanya yenyewe. Mama Siwema ameahidi kuja na watoto, watakaa mbele, na maneno haya yatasomwa kwa sauti wakubwa wakiwapo: Yunusu Halfani hakuwa mzembe. Alizima swichi, akahakikisha, akafa akifanya kazi kama sisi sote tulivyoifanya.

Fundi Sedekia, ahsante kwa yote. Rudi Rungwe kwa amani, migomba yako izae vizuri, na Mungu akujalie usingizi. Ulichoomba kimesemwa.