Meza ya Papa Néhémie wa Kataki

Wasikilizaji wapendwa, wa Kataki, wa Lubuye, hata ninyi wa Kabimba mnaotupata kwa kugeuzageuza antena, sogezeni redio karibu. Leo namkumbuka Papa Néhémie Asukulu, fundi wa taa za karabai, aliyetuacha siku arobaini zilizopita. Kwenye makaratasi ya serikali ni Asukulu tu, maana tangu 1972 serikali imekataza majina ya ubatizo. Nyumbani alikuwa Néhémie. Kanisani alikuwa Néhémie. Mimi nitasema Néhémie, na mwenye neno anajua mlango wa studio uko wapi.

Mnamjua. Mvuvi gani wa hapa hajampelekea taa yake? Karabai ikizimika katikati ya ziwa, ndakala, wale dagaa wetu wanaofuata mwanga, hawaji, na nyumbani chungu kinabaki kitupu. Asubuhi mtu anapanda mtaani Kataki na taa mkononi, anamkuta Papa Néhémie barazani, mbele ya meza yake kubwa ya mbao nzito, miwani imefungwa kwa uzi. Anapiga pampu, anainama, anasikiliza. Hakupenda maneno mengi wakati huo.

Alitoka kaskazini, upande wa Fizi, akiwa kijana, akiwafuata wavuvi. Hapa Kalemie alimwoa Mama Marthe, kanisani, akaapa mbele ya mchungaji kwamba ni huyo peke yake mpaka kifo. Wengi huapa hivyo, wasikilizaji. Wanaapa suti imewabana, na suti ikivuliwa kiapo kinavuliwa nayo. Papa Néhémie aliapa, na akabaki na kiapo chake.

Mungu aliwapa watoto wanne. Wote wasichana. Nasema tena: wasichana wanne, hakuna mvulana. Kwa ndugu zake wa kaskazini, jambo hilo liliwakaa kooni.

Mwaka 1973 kaka yake mkubwa, Papa Edmond, alifika kwa boti. Hakuja peke yake. Alikuja na msichana wa miaka kumi na saba, amebeba sufuria mpya na mkeka. Mbuzi walikuwa wamekwisha kutolewa kwa baba wa msichana. Alikuwa ameletwa awe mke wa pili, amzalie Papa Néhémie mvulana. Jina lake Viviane. Msichana huyo, wasikilizaji wapendwa, ni mimi ninayezungumza nanyi.

Sikuulizwa. Jambo hilo sitalipamba. Nilipandishwa botini, nikashushwa Kalemie, nikasimamishwa barazani mbele ya mwanaume wa umri wa baba yangu. Niliogopa, na nilimchukia kabla hajafungua mdomo. Kupitia mlango nilimwona Mama Marthe akifunga nguo zake ndani ya kitenge. Alikuwa amekwisha kuelewa. Alikuwa anajiandaa kuondoka nyumbani kwake.

Papa Néhémie hakuinuka mpaka karabai iliyokuwa mezani ikawaka. Kisha akanitazama.

"Mutoto, kwa masomo ulifikaka wapi?"

"Mwaka wa tano, Papa."

"Unataka kurudi kwenu, ao unataka kuendelea?"

Nilisema nataka kuendelea. Sauti yangu mwenyewe sikuisikia vizuri, lakini yeye aliisikia.

"Basi lundi utaingia wa sita." Yaani Jumatatu iliyofuata. Akageukia mlango. "Marthe, fungua ile kitenge. Tumepata binti wa tano. Umuletee chakula, ametoka mbali."

Papa Edmond alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, alisimama katikati ya baraza, majirani wote wanasikia. "Néhémie, unakataa jamaa? Basi sikia. Siku utakufa, hakuna mwanaume wa kwetu atagusa sanduku yako. Wanamuke njo watakuzika."

Yaani wanawake ndio watakaomzika, na kwetu hilo si neno dogo. Mtu kuzikwa bila mkono wa ndugu zake wa kiume ni sawa na kutupwa. Niliona lilivyomwingia, maana aliizima ile taa aliyotoka kuiwasha. Halafu akajibu, bila kupandisha sauti: "Kaka, nilipatia Marthe neno yangu mbele ya Mungu. Kama ni hivyo, basi wanamuke wangu watanizika."

Hakuishia hapo. Alisafiri mwenyewe mpaka kwa baba yangu, akamwambia mtoto ni wako, mimi namsomesha tu. Tangu siku hiyo nilikuwa na baba wawili.

Sasa niwaambie habari ya meza. Ile meza ya fundi ilitolewa nje kila asubuhi na kuingizwa jioni, na wanaume wanne wa mtaani walihema kuibeba. Siku mbili baada ya Papa Edmond kuondoka, Papa Néhémie aliwashukuru wale wanaume, akasema basi. Akatuita sisi: dada zangu wanne, mimi, na Mama Marthe. Wanawake sita, watatu huku, watatu huku. Vioo vya taa aliviacha juu ya meza. "Mubebe pamoja," alisema. "Na mukifika, muweke pole pole, isipige kelele."

Wiki ya kwanza tulivunja vioo vitatu. Mtaa mzima ulitucheka. Mwanaume akipita akitaka kusaidia, Papa alimzuia: "Acha, Papa. Hiyo ni kazi yao." Miaka kumi na tano, wasikilizaji. Dada zangu walipoolewa, walirudi Jumamosi kunywa chai na kubeba meza. Hakutueleza sababu. Odile, dada yetu mkubwa, anasema: "Nilikuwa naona haya, vijana wananiangalia. Siku moja nikamuuliza, Papa, mbona unatutesa? Akanijibu, Odile, shika sawa, uzito wote unamuachia Viviane."

Mwaka huu wa 1988 alipofariki, tangazo la kifo nilisoma mimi, hapahapa, kwenye kipaza sauti hiki. Nilisoma mara tatu, nikiita jamaa yote toka Baraka mpaka Moba. Jibu la kaskazini lililetwa na mfanyabiashara mmoja wa samaki: neno la 1973 halijabadilika.

Siku ya maziko alifika ndugu mmoja tu, Papa Edmond, mzee wa fimbo. Sijui kama alikuja kulia au kuhakikisha neno lake limetimia. Wavuvi walijaa uwanjani, na vijana wa kanisa walikuwa wamekwisha kukunja mikono ya mashati ili wabebe. Mama Marthe akatoka ndani, akawaambia: "Asanteni, baba zangu. Hiyo ni kazi yetu."

Akashika sanduku upande wa kushoto, nyuma. Na sisi kila mmoja akaenda mahali pake, Odile mbele kulia, mimi nyuma yake. Hakuna aliyetupanga. Hapo ndipo nilipoelewa ile meza ilikuwa ikitufundisha nini, na machozi niliyoyazuia kwenye kipaza sauti yakatoka yote.

Papa Edmond akasogea, akanyoosha mkono kwenye sanduku. "Munipatie nafasi. Ni ndugu yangu."

"Papa Mukubwa," Odile akamjibu, "ulisema sisi njo tutamuzika."

Mzee akashusha mkono. Mama Marthe akamgeukia. "Shemeji, unaweza kutembea nyuma yetu."

Akatembea nyuma yetu, na wanaume wote wa Kataki wakatembea pamoja naye. Tulifika makaburini bila kupokezana. Tukaliweka pole pole. Halikupiga kelele.

Mama Marthe, pole. Dada zangu wanne, poleni, tulibeba vizuri. Papa Edmond, kama redio yako inashika huko, pole na wewe, maana ulimpoteza ndugu yako miaka kumi na tano kabla yetu.

Nanyi akina Papa mnaosikiliza, mliooa mkaapa, leo jioni kila mmoja amtazame aliyemwapia, kisha mjiulize kama neno lenu bado liko pale mlipoliweka. Na wale wanaonong'ona sokoni kwamba nililetwa kuwa mke wa yule mzee, ni kweli nililetwa. Mimi ni binti yake wa tano. Karabai sasa zinatengenezwa na Martine, mdogo wetu, kwa vifaa vilevile. Leteni taa zenu. Kesho asubuhi meza itakuwa nje.