Gari Lililozama na Biriani ya Watu Arobaini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliowahi viti vya mbele, na asifiwe na wale waliosimama mlangoni kwa sababu basi la International City limechelewa tena. Naitwa Ndugu Njoroge. Wengi mnanijua kwa kupanga viti kila Ijumaa, na kwa kelele zangu mtu akikanyaga waya za spika. Leo sitasema habari za viti. Leo nataka niwaeleze jinsi Bwana alivyonitoa katika kifungo ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakiita imani.

Nilizaliwa Kinangop. Wanaopajua wanajua baridi yake. Asubuhi umande unaganda juu ya majani ya viazi, na ng'ombe wakipumua unaona moshi. Kwa hiyo nilipofika Dubai na kuona watu wamevaa makoti mwezi wa kwanza, nilicheka. Nilisema hii si baridi, hii ni kivuli tu. Nilikuwa mtu wa kucheka sana wakati huo, hasa nikiwacheka wengine.

Nilipata kazi ya udereva kwa Bi Rukia, mama wa Kizanzibari wa mtaa wa Al Mankhool. Jamaa zake wamekaa hapa tangu Dubai haijawa Dubai hii. Alikuwa anapika nyumbani kwake na kuuza chakula kwa Waarabu wanaopiga kambi jangwani. Mnajua wenyewe, baridi ikianza familia nzima inahamia mchangani, na mahema, na moto, na watoto. Yeye anapika biriani, mimi naipeleka, naye anakaa pembeni yangu kuhakikisha simwagi mchuzi.

Gari letu lilikuwa na sanduku la bati. Marehemu mume wake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na ndiye aliyemfundisha kwamba wakati wa baridi na mvua huingii jangwani bila sanduku hilo. Ndani kulikuwa na koleo, mbao mbili za kuweka chini ya matairi, kamba, mablanketi, maji, tende, tochi na kiberiti. Kila safari Bi Rukia ananiuliza kama limepakiwa, na kila safari najibu ndiyo huku nimenuna.

Sasa sikilizeni jambo la pili, ndilo lenye uchungu. Mke wangu Wanjiku alikuwa nyumbani Kinangop na mimba ya miezi saba. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka. Mimi niko huku, yeye yuko kule, na hofu iko katikati yetu kila nikimpigia simu. Nikaweka nadhiri. Hakuna mchungaji aliyeniambia. Nilimwambia Mungu nitafunga siku saba kwa maji tu, nisimwambie mtu, na nikizimaliza zote mtoto ataishi. Nikivunja, basi. Na sikuishia hapo. Nilimpigia Wanjiku nikamwambia tufunge pamoja. Akasema sawa. Ndugu zangu, mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, nami nikajiona baba wa imani!

Siku ya nne tukapata kazi ya kupeleka biriani ya watu arobaini. Masufuria yalizidi, nafasi ikawa haba. Nikalitoa lile sanduku la bati nikaliacha kwenye ngazi, nikapakia sufuria mahali pake. Bi Rukia alipouliza nikajibu ndiyo kama kawaida. Na moyoni, msinicheke, nilisema mtu aliyefunga na kuomba abebe koleo la kazi gani?

Tuliondoka alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na mbingu ilikuwa imeshuka chini. Nilipotoka kwenye lami nikaanza kuona kila kitu kwa mbali. Mikono iliyoshika usukani niliiona kama ya mtu mwingine, mtu mzuri tu, anayeendesha polepole, nami nimekaa nyuma namtazama. Njia ya kambini ilikuwa na mapipa meupe ya kuonyesha mwelekeo. Nikawa naona mapipa hata pale ambapo hayapo. Upande wa kushoto ardhi ilikuwa tambarare, inang'aa, inapendeza, nikaifuata.

Bi Rukia akasema, "Njoroge, huko siko."

Nikamwambia najua njia. Hiyo ilikuwa ardhi ya chumvi, ile Waarabu wanaiita sabkha. Juu imekauka kama chapati, ndani ni matope. Gari likavunja lile gamba, likazama mpaka tumbo likalala chini.

Akaniuliza sanduku liko wapi. Nikasema liko kwenye ngazi. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Kisha akasema khalas, yameshatokea, tutazame tulicho nacho. Simu hazikuwa na mtandao. Akaniambia mambo mawili, nami nikalitii moja tu: tusiache gari, maana gari linaonekana na mtu haonekani, na nisiwashe injini mpaka bomba la moshi lifukuliwe, kwa sababu mumewe aliwahi kukuta watu wamelala ndani ya gari lao na hawakuamka, moshi ulirudi ndani. Basi nikafukua bomba kwa sinia la kupakulia wali, nimepiga magoti kwenye maji ya chumvi. Nilipomaliza nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni.

Nyinyi mliofanya kazi za chakula mnajua kwamba sufuria za biriani hufungwa mablanketi ili zisipoe. Bi Rukia akazivua zile sufuria ndogo mablanketi yake, akanipa moja. Ile kubwa akaiacha imefungwa, tukahamia nyuma tukaiegemea, yeye upande wake na mimi upande wangu, ukuta wa wali kati yetu. Injini tuliiwasha dakika kumi, dirisha likiwa wazi kidogo, tukazima, tukangoja, tukaiwasha tena. Akapakua chakula. Nikasema tumbo linaniuma. Akapakua tena, nikakataa tena, akaudhika. Akasema miaka miwili nabeba chakula chake, leo kimekuwa najisi. Harufu ya ile biriani, ndugu zangu, na siku nne!

Giza lilipoingia baridi ikaja. Mimi mtu wa Kinangop nilitetemeka mpaka meno yakauma. Baadaye mtetemeko ukaisha, nikafurahi, nikadhani Bwana amenipasha joto. Sikujua kwamba mwili ulikuwa unaacha kujitetea. Kila kitu kikawa laini. Nilisikia mikebe ya maziwa inagongana. Nilisikia mtu anapasua kuni. Kukakucha, nikatazama nje, na nje ilikuwa nyeupe yote, ukungu mtupu. Na ndani ya ukungu niliona nyumbani. Niliona ua wa mama yangu, zile mbao zilizopinda, na ng'ombe wetu wamesimama wanapumua moshi. Nilijua kabisa kwamba ni kwetu. Nikafungua mlango polepole nisimwamshe Bi Rukia, nikashuka kwenda kufungua zizi.

Nilitembea. Ardhi ilikuwa nyororo chini ya miguu, kiatu kimoja kilibaki kwenye matope na sikukirudia. Ng'ombe walikuwa wanarudi nyuma kila nikikaribia, kwa upole tu. Nilipogeuka gari halikuwepo. Sikuogopa. Hicho ndicho kinachoniogopesha mpaka leo, kwamba sikuogopa hata kidogo. Nikakaa chini kwenye chumvi nikasema nipumzike kabla ya kukamua.

Ndipo nikasikia mlio. Chuma juu ya chuma, bila mdundo, bila kupumzika. Nikakasirika. Nani huyu anapiga kelele uani kwa mama asubuhi yote hii? Nikainuka kwenda kumkataza. Nawaambia kweli, hasira ndiyo iliyoninyanyua, sijui malaika wa wengine huwa wanakuja namna gani. Nikaufuata mlio ule nikianguka na kuinuka, mpaka nikagonga gari kwa kifua. Bi Rukia alikuwa amesimama mlangoni akilipiga sinia kwa upawa. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Alikuwa ameniita mpaka sauti ikakauka, akaanza kupiga sinia. Alinishika mkono wa koti akaniingiza ndani kama mtoto.

Aliponifunga blanketi akanitazama usoni. "Umefunga, sivyo?"

Nikamweleza yote. Mimba mbili, nadhiri, siku saba, na kwamba Wanjiku naye amefunga. Nilipofika kwa Wanjiku akaacha kunisugua miguu.

"Sisi tunafunga mwezi mzima, mwanangu, funga tunaijua," akasema. "Msafiri anakula. Mgonjwa anakula. Mwenye mimba anakula. Mungu hamtegi mtu. Wewe nani kakwambia umfungishe mkeo?"

Nilitafuta hata aya moja ya kujitetea, sikuipata. Ndugu zangu, kule ndani ya gari lililozama, na mguu mmoja hauna kiatu, nilimwona yule mungu niliyekuwa namtumikia. Alikuwa kama arbab, tajiri wako wa kazi, anayekushikia pasipoti mpaka umalize kazi yake, na ukikosea siku moja anaitupa. Nilikuwa nimemkabidhi mtoto wangu kwa mungu wa namna hiyo, na bado nikimwita Baba! Nililia. Nililia kwa sauti, na Bi Rukia akatazama pembeni kunisitiri. Kitu kilichokuwa kimenibana kifua tangu mimba ya kwanza kiliachia. Nikaomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba: Bwana, nakula, mtoto ni wako.

Akanilisha kwa mkono wake, kidogo kidogo, punje chache na mchuzi, akisema tumbo lililokaa bure halishindiliwi. Biriani ilikuwa vuguvugu tu. Sijala chakula kitamu kama kile mpaka leo, na nimekula harusi nyingi.

Lakini nguvu zilipoanza kurudi, hofu ikarudi pia, na safari hii ilikuwa hofu ya mtu mzima mwenye akili zake. Wanjiku alikuwa siku ya tano bila chakula, kwa amri yangu, na ni mimi tu wa kumwambia ale. Nikataka kushuka nikimbie kutafuta lami. Bi Rukia akaketi mlangoni akasema nimkanyage kwanza. Nikatulia. Nilikaa pale naomba tu niishi, nisiombe jambo lingine lolote, niishi nimpigie mke wangu simu.

Ukungu ulianza kuinuka jua lilipopanda. Tukalisugua sinia, nikapanda nalo juu ya gari, nikaligeuza huku na huku lishike mwanga. Watu wa kambini walikuwa wametoka kututafuta. Walikuja na magari mawili na kamba ndefu, na mmoja wao, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliniambia waliona nyota imekaa chini. Hawakuuliza habari ya chakula. Walituvua nguo za majimaji za juu, wakatuvisha makoti yao, yalla, twende kwenye moto. Nikawaomba kwanza wanifikishe kwenye lami, kwenye mtandao.

Wanjiku alipopokea sikumsalimu. Nilimwambia, "Kula. Tafadhali, kula sasa hivi."

Nikasikia analia.

"Mimi nilikula siku ya pili," akasema. "Mtoto aliacha kucheza, nikaogopa, nikakunywa uji, akacheza. Nimekuwa nikikula kwa jikoni nimefunga mlango. Nilijua ukijua utasema nimeua mtoto."

Ndugu zangu. Nilikaa kando ya lami na koti la Mwarabu na kiatu kimoja, na sikujua nicheke au nilie. Mtoto alikuwa hai kwa sababu mama yake hakunitii! Na mama yake alikuwa amejifungia jikoni, anatafuna taratibu ili hata jirani asisikie akanipigia simu kuniambia, kwa sababu ya kuniogopa mimi. Si shetani aliyemfungia. Ni mimi, na nilifanya hivyo kwa jina la Bwana. Nikamwomba msamaha pale pale mpaka salio likaisha.

Binti yetu alizaliwa mzima, sifa kwa Bwana. Lakini msinielewe vibaya. Siku ile kando ya lami sikujua kama atazaliwa, na nilikuwa nimeshafunguliwa. Sisemi tusifunge. Mimi bado nafunga. Sisemi tusiombe, na nikiendesha sasa naomba nikiwa na koleo nyuma. Nasema Baba tuliye naye hahitaji tumnunulie watoto wetu kwa njaa. Mwamini. Mkabidhi kile unachokiogopa zaidi, na uache kumlinda Mungu asije akakusahau.

Na kama uko hapa leo, na huko nyumbani kuna mtu wako anayekula akijificha, au anayelia akijificha, kwa sababu anaiogopa imani yako, usingoje nimalize kupanga viti. Mpigie. Mwambie afungue mlango.