Mstari wa Chaki kwenye Tangi la Sita

Bi Pelagia Ratajczak anastaafu tarehe 31 Desemba 2023, baada ya kutumikia kiwanda chetu cha bia cha Starołęg kwa miaka thelathini na saba na miezi minne. Jumapili hiyo ikishapita, mji huu hautakuwa na mtu hata mmoja anayejua kuionja porta, bia yetu nyeusi ya moshi. Najua wasifu wa namna hii huanza kwa shangwe. Shangwe ipo, na tutaifikia inapostahili. Lakini waraka huu umechapishwa kwa mchango wa kamati ya wafanyakazi, si kwa hisani ya ofisi, kwa hiyo tunaweza kuanza na ukweli.

Aliingia langoni tarehe 1 Septemba 1986, akiwa na miaka ishirini na minne, kuosha glasi za maabara. Kiwanda kilikuwa cha serikali, rangi ya kuta ilikuwa ya serikali, na supu ya kantini ilikuwa na ladha ya zote mbili. Mwezi wake wa tatu kazini, mpishi mkuu wa bia, Mzee Edmund Nowaczyk, apumzike kwa amani, alimkuta ametenga glasi sita pembeni. Akamwuliza zina nini.

“Hizi zimeoshwa kwa bomba la nyuma, mzee. Maji yake yana kutu.”

“Binti, bomba la mbele na la nyuma ni maji yaleyale.”

“Basi lililoharibika ni bomba, au pua yako.”

Waliokuwepo wanaisimulia hadi leo. Mzee Edmund akaagiza vikombe kumi vya maji, vitano kutoka kila bomba, akamfunga macho kwa kitambaa cha kukaushia vyombo. Bi Pelagia akavitenganisha vyote kumi bila kukosea. Bomba la nyuma lilipofukuliwa lilikuwa limeoza kama jino. Mzee Edmund akamwambia, “Kuanzia kesho huoshi glasi. Unazichafua.”

Ndivyo alivyopata kazi aliyoifanya hadi leo, na msidhani ilikuwa kazi ya raha. Nje ya lango hili watu humwonea gere: mama analipwa kwa kunywa! Waje wajaribu. Kuanzia 1986 hakujipaka manukato wala rangi ya mdomo. Aliosha nguo na mwili kwa sabuni ya kijivu isiyo na harufu. Chakula chake cha mchana kilikuwa viazi vya kuchemsha na jibini laini, bila kitunguu, siku za kuonja na siku zisizo za kuonja. Na katika mji huu ambao mtoto hutafuna soseji ya moshi kabla hajaota meno, ambao hata jibini na samaki hupita motoni kabla ya kufika mezani, Bi Pelagia hakugusa kitu chochote cha moshi. Pasaka, nyama ya paja ilipozungushwa mezani, yeye alichukua yai.

Sababu aliieleza mara moja tu, kwenye mkutano wa wafanyakazi, alipotaniwa kwamba anajidai. Alisema mtu aliyekulia ndani ya moshi hausikii tena. Husikia ukosefu wake tu. Ukimpa bia yenye harufu ya moto atasema nzuri, hata kama kinachoungua ndani yake ni kitu kingine.

Huo ndio ugonjwa wetu sisi watu wa Starołęg, na mwaka 1994 ulikaribia kutuzika. Porta ya mwaka ule ilipotolewa kwenye tangi la tatu, wote saba wengine wa jopo la waonjaji tuliipigia makofi. Mzee Edmund mwenyewe alisema, “Moshi umekubali mwaka huu! Sikilizeni unavyopanda puani.” Bi Pelagia alinusa nyuma ya mkono wake, kama anavyofanya siku zote ili kuisafisha pua, akairudia glasi, akaiweka chini.

“Huu si moshi. Hii ni wodi.”

“Wodi gani tena, Bi Pela?”

“Ya hospitali. Plasta, dawa ya vidonda, shuka lililofuliwa halikukauka. Mmelazwa wote humu ndani, hamjui tu.”

“Jamani, huyu amelala vibaya na Zenon wake!” mmoja wetu akadakia.

“Zenon halali kwangu siku ya kuamkia kuonja, nawe unajua. Rudi kwenye glasi.”

Tulicheka. Kisha mafundi wakafungua viungo vya bomba, kimoja baada ya kingine, na kwenye kiungo cha nne wakakuta mpira uliopasuka, na ndani ya ufa ule hamira ya mwituni imeweka makazi. Hamira hiyo hutengeneza harufu inayofanana na moshi kama mwizi aliyevaa sare ya askari. Kiwanda kinachopika bia ya kawaida kingeigundua siku ya kwanza. Sisi tuliivulia kofia. Tangi zima lilimwagwa, na mji uliponuka kwa siku tatu kila mtu alijua ni nani aliyetuokoa na aibu.

Huyo Zenon aliyetajwa alikuwa mumewe, na alikuwa mtu wa banda la moshi. Miaka ishirini na tisa aliwasha magogo ya mwaloni chini ya kimea chetu kukikausha kwa moshi, tena kwa ufundi ambao leo haupo. Fikirieni ndoa hiyo: mwanamume anayenuka moshi hadi kwenye nyusi, na mwanamke asiyeruhusiwa kuunusa. Zenon alijijengea bafu bandani kwake. Siku za kuamkia kuonja alioga huko, alibadili nguo huko, akalala chumba cha mbele, mlango umefungwa. Watu walimwuliza kama haoni uchungu kufukuzwa nyumbani kwake mara mbili kwa wiki. Alijibu kwamba si mwanamume yeyote tu anayeogopwa na pua ya mkewe.

Alifariki Februari 2018. Baada ya mazishi Bi Pelagia alirudi kazini Jumatatu, akaingia kwa mkuu wa maabara, akasema hawezi kuonja kwa siku kumi. Hakusema anaumwa wala analia. Alisema amelifungua koti la kazi la marehemu, na pua imejaa. Katika miaka thelathini na saba hizo ndizo siku pekee alizokosa. Kisha akalitia koti kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga kwa nguvu, na Alhamisi ya wiki ya pili alikuwa kwenye kiti chake saa nne kamili asubuhi.

Aliyewahi kumwona akionja hawezi kusahau. Glasi ilikaa kwanza katika viganja vyake ipoteze baridi, kwa sababu porta ya baridi, anasema, ni shahidi aliyehongwa. Akaiinua dirishani: nyeusi, yenye wekundu ukingoni, povu la rangi ya chai ya maziwa. Akanusa kwa pumzi fupi fupi. Akanywa kidogo na akameza, kwa kuwa uchungu wa bia hukaa nyuma ya ulimi na anayetema hajafika huko. Porta njema, alitufundisha, huanza na mkate mweusi ulioungua ganda, halafu plamu zilizokaushwa, halafu kahawa kidogo, na moshi uje mwisho, taratibu, kama mtu aliyechelewa misa na hataki kuonekana.

Akishamaliza alikwenda kwenye tangi na kipande cha chaki, ile ya kanisani inayobarikiwa sikukuu ya Mamajusi, ambayo kila nyumba hapa huandikia juu ya mlango. Likifaulu tangi, aliandika P.R. na tarehe. Likishindwa, alichora mstari mmoja wa kulala. Hakuna mtu wa Starołęg anayefuta chaki hiyo. Mlangoni hukaa hadi mvua na jua viimalize, na kwenye tangi hukaa hadi tangi lioshwe.

Sasa nifike kwenye tangi la sita.

Jumanne ya tarehe 14 Novemba tulionja porta iliyolala humo tangu Machi, ile inayosubiriwa kwa sikukuu ya porta mwezi Januari. Tulikuwa wanane mbali na yeye. Wanane tuliipitisha. Bi Pelagia alinusa mkono wake, akanusa glasi, akanusa mkono tena. Akasimama, akaenda kuchora mstari wa kulala.

Kampuni ya mji mkuu iliyotununua miaka mitatu iliyopita ina mashine, na mashine ilisema bia ni safi. Mkurugenzi, Bwana Oskar Wilczek, alimwita mbele yetu. Mazungumzo yao nayaandika kama yalivyokuwa, maana nilikuwa hatua mbili kutoka kwao.

“Bi Pelagia, vipimo vyote viko ndani ya kiwango.”

“Mashine imeinywa?”

“Mashine hainywi, Bi Pelagia.”

“Basi tumekubaliana. Hata mimi siinywi.”

“Sikiliza, mama. Wewe unaita kasoro, mnywaji wa leo anaita upekee.”

“Aite anavyotaka, bwana mkurugenzi. Jina langu tu asiliite.”

Wiki mbili baadaye tulikuta bango kwenye ukuta wa kantini: “Porta ya Pelagia, Toleo la Kuaga.” Picha yake, tabasamu lake la mwaka 1999, na chini yake zile herufi mbili za chaki, P.R., zilizopigwa picha kwenye tangi jingine la mwaka mwingine. Bia ni ya tangi la sita. Wamechukua kitu alichokikataa wakakivika jina lake, kisha wanatutaka tupige vigelegele kwamba wamemheshimu. Historia imejaa wafalme waliowachongea sanamu watu waliowanyamazisha. Sikutegemea kuliona jambo hilo kwenye kizibo cha chupa.

Bi Pelagia alisimama mbele ya bango akiwa na sahani yake ya viazi. Akalisoma hadi mwisho. Akasema, “Wamenipendezesha,” akaenda kula.

Lakini kesho yake asubuhi mstari wa tangi la sita ulikuwa umefutwa. Wenyeji hawawezi kufanya hivyo, kwa hiyo waliletwa wafagizi wa kukodi kutoka mji mwingine. Bi Pelagia akauchora upya. Ukafutwa. Akachora. Hadi ninapoandika haya amechora mara kumi na saba. Hajaandika barua, hajapiga kelele, hajaenda gazetini. Kila saa nne asubuhi mwanamke wa miaka sitini na moja anatembea hadi mwisho wa ukumbi wa matangi, anainua mkono, anachora, anapangusa vidole kwenye aproni. Kuanzia tarehe 1 Januari chumba cha kuonja kinakuwa stoo ya mabango. Hakuna aliyeajiriwa kurithi kiti chake. Mwenye kutaka kuionja porta ataulizwa kwenye simu anaipa nyota ngapi.

Ofisi ilitaka wasifu huu useme kwamba tangi la sita ndilo tangi la mwisho aliloidhinisha. Hausemi hivyo. Tangi la mwisho aliloidhinisha Bi Pelagia Ratajczak ni la nne, tarehe 3 Oktoba 2023.

Hafla ni Ijumaa tarehe 29 Desemba, saa tano asubuhi, ukumbi wa kimea. Kutakuwa na keki ya asali, kwaya ya zimamoto na hotuba ya mkurugenzi. Kisha kila mmoja atamiminiwa glasi ya “Porta ya Pelagia” tumtakie afya. Yeye amesema atakuja, na atakunywa maji.

Ndugu zangu, nitawaambia jambo ambalo linanifedhehesha. Nimeionja bia hiyo mara tatu, peke yangu, kwa utulivu, mkono nikiwa nimeunusa. Nilisikia moshi tu. Moshi mzuri, wa mwaloni, wa nyumbani. Sikusikia plasta wala wodi. Nanyi, karibu wote, hamtasikia kitu. Hilo ndilo linaloninyima matumaini: si kwamba wakubwa wanadanganya, wakubwa wamedanganya tangu piramidi ya kwanza, bali kwamba kuanzia Januari wakidanganya, sisi wenyewe tutaapa kwa ndimi zetu kwamba ni kweli.

Kwa hiyo siwaombi msikie alichokisikia. Nawaomba mkumbuke tangi la tatu. Glasi ikifika mkononi mwako Ijumaa, inuse, tabasamu ukipenda, kisha iweke mezani ikiwa imejaa. Ukumbi mzima wa glasi zilizojaa. Hautazuia lori litakalopeleka bia hiyo kwenye sikukuu ya Januari. Lakini wafagizi hawawezi kuufuta kwa kitambaa, na Bi Pelagia atauona kwa macho yake.

Bi Pela, ahsante kwa kila jambo ulilokataa. Ahsante kwa viazi, kwa sabuni ya kijivu, kwa milango iliyofungwa ili sisi tuwe na bia ya kujivunia. Tunakuombea siku ndefu na zenye afya. Tunakuombea Pasaka yenye paja zima la nyama ya moshi, na soseji kabla ya misa, na mafuta yake yakuchuruzike kidevuni. Na lile koti la Zenon lililo ndani ya mfuko tangu 2018: lifungue, mama, ulivae, uzame ndani yake utakavyo. Kesho hakuna kuonja.

Hieronim Skrzypczak, ukumbi wa matangi, kwa niaba ya kamati ya wafanyakazi