Willis Ombui na Kengele ya Ghala la Chanjo

Ndugu waombolezaji, mlioketi hemani na mliosimama kivulini mwa lori, familia inaomba masikio yenu.

Marehemu Willis Ombui alizaliwa Ndhiwa tarehe 14 Mei 1943, mtoto wa nne wa marehemu mzee Gisiri na marehemu mama Rispa, ingawa kitambulisho chake kinasema 1945, kwa kuwa karani wa usajili alimwona mdogo na serikali haijabadilisha mawazo tangu hapo.

Alisoma Rangwe kuanzia 1951 hadi 1958, akajifunza ufundi wa umeme Kisumu, na Februari 1964 akaajiriwa Migori kutengeneza laini za simu, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 1990, akiwa amepanda nguzo zisizohesabika na kuanguka kutoka moja tu, ambayo aliikumbuka sana.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Phelesia, wakajenga hapa Homa Bay, wakabarikiwa Fanuel, Lynnet na Leonida, kitinda mimba, ambaye surua ilimchukua tarehe 3 Septemba 1991 akiwa na miaka miwili, ilhali kadi yake ya kliniki ilikuwa na muhuri wa chanjo.

Marehemu hakumlaumu mtu, ila aliomba kuona rejista ya joto la friji katika ghala la chanjo la kituo chetu cha afya, akakuta nyuzi nne asubuhi, nyuzi nne jioni, hata tarehe 31 Juni, siku ambayo Mungu hakuiumba, kwa maana rejista ilijazwa ya mwezi mzima kwa mkupuo mmoja ili wakaguzi wasipate cha kuuliza. Kama chanjo ya Leonida iliharibiwa na joto hakuna awezaye kusema, na huko kutoweza kusema ndiko kulikomkosesha raha, akaapa kwamba jengo lile litajisemea lenyewe.

Januari 1992 alichora mchoro, kila friji na themomita yake yenye waya, mlango na swichi yake, kamera ndogo ikitazama ndani, vyote vikiunganishwa na kengele ya betri na televisheni ofisini kwa muuguzi, mzee Abdisalam wa duka la vifaa akijitolea waya, kisha marehemu akaandika barua kumi na moja za kuomba ruhusa. Afisa mmoja alimwuliza, "Mzee Ombui, hiyo mashine yako ina namba ya ajira? Nani ataisainia rejista?" naye akajibu, "Namba haina, bwana mkubwa, lakini pia haiendi chai," jibu lililoilaza faili mwaka mzima.

Ruhusa ilitoka tarehe 6 Mei 1996, kwa sharti kwamba mtu mwenye kitambulisho atie sahihi kila asubuhi kwa niaba ya kengele, na marehemu akatia. Jumapili ya Pasaka, tarehe 30 Machi 1997, umeme ulipotea, kengele ikalia hadi mhubiri wa jirani akanyamaza, muuguzi wetu Sista Nyabuto akakimbia kuomba barafu kwa wachuuzi wa samaki, na chanjo za watoto mia tatu zikaokolewa. Siku hiyo rejista iliandikwa nyuzi tisa, namba ya kwanza isiyokuwa nne tangu kituo kifunguliwe.

Mwaka 1998 alianza kuugua figo, akalazwa mara nne, na akaaga dunia tarehe 12 Agosti 1999, saa kumi alasiri, Phelesia na Lynnet wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupasua kuni, mzee Abdisalam, na wenzake Willis wa laini za simu waliotoka Migori.

Jumanne iliyopita ilifika barua kwamba, kwa kuwa mtia sahihi amefariki, kengele na kamera zizimwe hadi maombi mapya yawasilishwe. Wazee wa ukoo walimwambia Phelesia kwamba mjane hatoki bomani kabla ya mazishi, akawajibu, "Basi wazee wangu, njooni mnisindikize," na tangu Jumatano wanamsindikiza kila asubuhi kwenda kutia sahihi. Afisa mwenye swali, mjane ndiye huyu ameketi mbele.

Pumzika, Willis, kwa amani yote. Leo asubuhi friji ilikuwa nyuzi tano.