Mwanamke wa Gauni Jekundu Kwenye Rafu ya Peniasi

Marehemu Peniasi Tuikoro alizaliwa Levuka, kisiwani Ovalau, tarehe 9 Mei 1950, mtoto wa tatu wa Mzee Aporosa na Mama Titilia. Alisoma shule ya misheni hapo hapo mjini hadi kidato cha nne. Walimu walimlalamikia jambo moja tu: kutwa nzima alikuwa akigonga dawati kwa vidole.

Mwaka 1969 aliajiriwa kutengeneza redio katika duka moja la karibu na bandari, akakaa hapo mpaka kustaafu. Mshahara wake uliishia kwenye santuri. Rege, jazi, kwaya, kawali za Wahindi, hakuchagua. Ukimtembelea hakukuuliza habari za watoto. Aliuliza, "Unasikiliza nini siku hizi?" kisha akakuwekea albamu alizozipenda wiki ile, huku akikutazama mikono. Tunajijua. Ndugu akishatamka kerekere, yaani naomba, kitu kinatoka, na ndugu zetu hawana haya.

Alimwoa Losalini tarehe 6 Desemba 1975. Walikutana mwaka mmoja kabla, kwaya ya kijiji cha kina Losalini iliporekodi santuri kanisani, Peniasi akiwa mshika nyaya na Losalini mwongoza nyimbo. Santuri hiyo iliombwa na kaka za Losalini, wakapewa. Peniasi akanunua nyingine, nayo ikaombwa. Ya tatu vilevile. Kila mara aliyeitoa ni Losalini, maana wifi yetu kwa kaka zake hajui kusema hapana.

Tangu hapo Peniasi akawa mtu wa mashaka. Albamu alizozipenda alizihamishia kwenye majalada ya mahubiri, ambayo hakuna aliyewahi kuyaomba. Naye Losalini akawa na mashaka yake. Pale kwenye rafu alisimama mwimbaji mmoja wa gauni jekundu, mabega wazi. Kila jioni Peniasi alichukua jalada lile, akavaa hedifoni, akafumba macho, akatabasamu.

"Huyo ana nini ambacho mimi sina?"

"Mama Mereani, ni muziki tu."

"Muziki gani wa kusikiliza peke yako kama mwizi?"

Peniasi akacheka. Losalini aliumia, tena aliumia kwelikweli.

Kisukari kilimwanza Peniasi mwaka 2015, mguu ukakatwa 2021. Alifariki hospitalini Suva tarehe 3 Agosti 2023. Losalini alikuwa amemshika mkono, na bado amemnunia kidogo.

Jumapili, tukiwa matangani, Samuela, kaka mkubwa wa mjane, alimaliza kikombe chake cha kava, kinywaji chetu cha mizizi, akapiga makofi kama ilivyo desturi, akasema, "Dada, kerekere. Yule wa gauni jekundu."

"Mchukue! Na asirudi!"

Jumatano mchungaji akataka santuri ya mahubiri itufariji. Tukaiweka. Lo! Rege ikanguruma mpaka vikombe vikatetemeka. Ndipo Losalini akayafungua majalada yote. Santuri ya mwimbaji wa gauni jekundu ilikuwa ndani ya jalada la mahubiri ya Kwaresima. Nyuma ya rafu likatoka jalada jipya la kwaya ya kina Losalini, nakala ya nne, tupu. Basi ndani ya gauni jekundu alikuwa nani? Wifi aliketi sakafuni akalia. Miaka yote ile alikuwa akijionea wivu mwenyewe.

Samuela anaapa hajalifungua jalada lile. Hatumwamini. Alhamisi alisikika jikoni akimenya magimbi huku anavumisha sauti ya pili ya wimbo wa kwaya.

Marehemu ameacha mjane Losalini, watoto Mereani, Kitione na Vika, wajukuu saba, dada yake Vasemaca anayesoma haya, na shemeji yake Samuela, yule pale safu ya pili, anayetazama viatu vyake.

Mjane ametuagiza tuchapishe ombi lake hapa, mbele ya mchungaji na kijiji kizima:

"Kaka Samuela, kerekere. Yule wa gauni jekundu. Gari lako liko hapo nje. Tutasubiri, hatumfukii mume wangu mpaka nimwimbie bila hedifoni."

Ulale kwa amani, Peniasi.